Kazi Ilitutoka Kabla ya Nchi



Tangu tulipofika Uganda, swali tunaloulizwa ni moja: vita viliwakuta wapi? Huuliza afisa mwenye daftari, huuliza jirani kwenye bomba la maji, huuliza mgeni aliyetumwa na shirika la misaada. Nasi hujibu kama ipasavyo, tukitaja mji, mwezi na njia tuliyopita. Habari ya kazi haimo katika maswali hayo. Kumbe kazi ilikuwa imetutoka karibu miaka miwili kabla ya nchi kututoka, na misiba hiyo miwili haifanani. Aliyepoteza nchi hupewa karatasi, turubai na mahali pa kulala. Aliyepoteza kazi hana mlango wa kubisha, wala hakuna foleni ambayo angeipanga ili ajulikane. Katika ukurasa huu twataka kuiandika habari hiyo ya kazi, kwa kuwa twajua wengi wenu mmeipitia bila kuvuka mpaka wowote, na wengine mnafikiri kuvuka.

Tunaposema "sisi", twamaanisha mume na mke, pamoja na watoto wanne tuliotoka nao. Mmoja wetu alipata diploma ya serikali, sehemu ya ualimu, mwaka 1991, akashika chaki kwa karibu miaka thelathini, na siku za Jumamosi na Jumapili akawa katekista. Mwenzake alilima maharagwe na kuyauza sokoni. Hata mambo yaliyoonekana kuwa ya mtu mmoja tuliyabeba wawili. Ndiyo sababu hatuna njia nyingine ya kuyasimulia.

Tulikaa Kiwanja, katika eneo la Rutshuru, Kivu ya Kaskazini. Shule tuliyofundisha ilikuwa ya mtu binafsi: vyumba sita vya mbao chini ya mabati, na uwanja uliogeuka tope kila mvua iliponyesha. Kabla ya hapo tulifundisha katika shule ya serikali kwa miaka mingi bila jina letu kuingia katika orodha ya mishahara ya Kinshasa. Nanyi mnalijua jambo hilo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mshahara wa serikali uliposhindwa kumlisha mwalimu, wazazi walikubali kutoa mchango wao ili shule zisifungwe, na mchango ule uliokusudiwa kuwa wa muda ukakaa karibu miaka thelathini. Mwalimu asiyekuwa katika orodha aliishi kwa huo peke yake. Tulipohamia shule ya mtu binafsi, chanzo cha fedha hakikubadilika: mzazi alilipa, mkuu wa shule akagawa, mwalimu akala.

Mwezi wa Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma, jambo ambalo Katiba yetu ya mwaka 2006 ilikuwa imelitamka katika kifungu cha 43. Twataka tueleweke vizuri hapa. Jirani yetu, mjane mwenye watoto watano, alikuwa akisomesha wawili na kuwaacha watatu shambani, akiwabadilisha zamu mwaka hadi mwaka kama mtu anayegawa blanketi moja. Mwaka ule aliwapeleka wote watano. Tuliwaona wakipita mbele ya nyumba yetu asubuhi, wamefuatana kwa urefu, na yule wa mwisho amevaa shati lililomfika magotini. Hakuna mwalimu wa kweli awezaye kulaani asubuhi kama ile.

Lakini watoto walikuwa wakitoka mahali fulani kwenda mahali fulani. Katika shule za umma madarasa yalijaa hata yakapita watoto mia moja. Katika shule yetu madawati yalianza kuonekana mapya, kwa kuwa hayakukaliwa. Kutoka wanafunzi 210 tulibaki na 64. Mzazi aliyekuja kuaga alikuja kwa aibu, akileta kuku au kilo ya maharagwe, akisema, "Mwalimu, unaelewa." Tulielewa. Mwezi wa Machi 2020 shule zote za nchi zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na zilipofunguliwa tena, yetu haikufunguliwa. Mkuu wa shule alituita, akatugawia chaki zilizobaki na ramani moja ya Afrika, akatushukuru. Barua ya kuachishwa kazi haikuandikwa, maana hata barua ya kuajiriwa haikuwahi kuwapo.

Mtu akipoteza kazi mjini kwake, hakuna kinachobomoka kwa kelele. Mwenye duka aliyekuwa akiandika deni katika daftari sasa huuliza kwanza, "Na lini, Mwalimu?" Kamati ya arusi hupita nyumba ya pili na ya nne, ikairuka ya tatu, kwa huruma. Hiyo huruma huuma kuliko kudaiwa. Suruali ya kazini huendelea kupigwa pasi kila Jumapili jioni kwa mazoea, mpaka siku moja mke huiweka chini ya nguo nyingine bila kusema neno. Tulirudi shambani wote wawili. Maharagwe yalitulisha, nasi hatukuwa wenye njaa. Twasema hivyo kwa ajili ya haki. Kilichokosekana ni mahali pa kwenda saa moja asubuhi ambapo mtu mwingine angesema, "Umechelewa."

Kazi moja tu haikututoka, nayo ni ile ambayo haikuwa na mshahara. Kila Jumamosi saa tisa watoto wa Komunyo ya kwanza walikuja, na kila Jumapili tulisoma matangazo na masomo, tukawafafanulia watu kwa Kiswahili cha kanisani kile walichokisikia. Hakuna aliyeweza kutufukuza pale, kwa sababu hakuna aliyekuwa akitulipa. Wakati ule tuliiona kama kipande cha kamba kilichobaki mkononi baada ya ng'ombe kukimbia. Tutarudi kwenye kamba hiyo.

Tarehe 13 Juni 2022 mji wa Bunagana uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Barabara ya mashariki ilifungwa, na bei ya chumvi ikapanda siku ileile. Tuliondoka mwezi wa Julai kwa njia ya Ishasha, upande wa kaskazini, tukiwa na magodoro mawili, sufuria, kikaango, na bahasha ya nailoni yenye diploma, vyeti vya ubatizo na bulletini za watoto. Tarehe 29 Oktoba mwaka ule ule Kiwanja na Rutshuru nazo zikachukuliwa, na njia ya kurudi ikafungwa nyuma yetu. Habari za vita wengine wamezisimulia vizuri zaidi. Sisi tunaishia hapo.

Kutoka kituo cha mpito tulipelekwa Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Ni makazi ya zamani sana: yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, na tangu wakati ule hayajakaa bila watu. Kuna ziwa, kuna vilima vikavu, kuna vijiji vilivyopewa majina ya nchi ambazo watu wake wametoka. Wakongo wengi hukaa mahali paitwapo New Congo. Tulipewa kiwanja kidogo, nguzo, turubai na jembe. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini, na twaishukuru, kwa maana si nchi zote zifanyazo hivyo. Hata hivyo ruhusa ya kufanya kazi na kazi yenyewe ni vitu viwili, kama vile ruhusa ya kuvua si samaki.

Wiki ya tatu tulitoa diploma katika bahasha, tukaenda kuuliza. Jibu lilikuwa la adabu na la wazi. Diploma ya nchi ya kigeni sharti ilinganishwe na baraza la mitihani la Uganda. Kuna fomu, kuna tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa, kuna ada, na kuna safari ya Kampala. Tena, Uganda yenyewe ilikuwa imepitisha mwaka 2019 sera mpya ya walimu inayotaka kila mwalimu awe na shahada ya chuo kikuu, hivyo hata walimu wa hapa wenye vyeti vya miaka mingi wanarudi masomoni. Kisha kuna lugha. Hesabu tulizozifundisha kwa Kifaransa ni hesabu zile zile, lakini mtoto wa darasa la tatu wa Isingiro angetucheka kabla hatujafika kwenye jibu. Tulirudisha diploma katika bahasha. Katika njia ya kurudi hatukuzungumza, na jua la Nakivale saa nane mchana halimsaidii mtu asiyetaka kuzungumza.

Nyumba ilianza tena kwa unga. Mwenzetu wa sokoni hakuwa na diploma ya kulinganisha. Alikopa kilo mbili za unga wa ngano kwa mama mmoja wa Masisi aliyetangulia miaka sita, akakaanga mandazi saa kumi alfajiri, akayauza kabla ya saa mbili njiani kuelekea shule. Siku ya kwanza alibakiwa na kumi na moja, tukala sisi. Siku ya nne hayakubaki. Mwezi wa pili aliingia katika kikundi cha kuweka na kukopa, kile tunachokiita kwetu AVEC, chenye sanduku la kufuli tatu na wanawake ishirini na watano wanaokutana kila Alhamisi. Kufuli tatu zina wenye funguo watatu tofauti. Hakuna anayeweza kufungua peke yake. Mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini alipewa kazi ya kuchota maji, kupasua kuni na kuhesabu sarafu jioni. Zilihesabiwa vizuri. Wanaume wa jirani walisema maneno, kama wanaume wasemavyo wakikaa bila kazi chini ya mti. Nyumbani kwetu hayakujibiwa, kwa kuwa aliyekuwa na haki ya kuyajibu alikuwa amelala mapema ili aamke alfajiri.

Jambo lililotuumiza zaidi halikuwa hilo. Watoto walijifunza Kiingereza kwa miezi michache, kama watoto wafanyavyo, sisi tukabaki nyuma. Mama alipougua, tulikwenda kwenye zahanati pamoja na binti yetu wa miaka kumi na mmoja, naye akasimama katikati, akisikia maneno ya muuguzi kwanza na kuyaleta kwetu baadaye. Kuna mambo ya mwili wa mama ambayo mtoto hapaswi kuyajua kabla ya baba, na pengine asiyajue kabisa kwa umri ule. Aliyatafsiri yote kwa uaminifu, macho yake chini. Siku ile ile jioni mwalimu wa zamani wa Kiwanja alijiandikisha katika darasa la Kiingereza la watu wazima, akakaa benchi moja na vijana waliotosha kuwa wanafunzi wake, akaandika mara ishirini sentensi zinazosema kwamba mlango uko wazi na dirisha limefungwa. Wanafunzi watu wazima ni wagumu. Tulilijua hilo tangu mafunzo ya ualimu. Sasa tulijua sababu yake: mtu mzima anapokosea, huona kwamba sura yake yote imekosea.

Baada ya mwaka mmoja shule moja ya msingi ilitafuta wasaidizi wa darasa. Watoto wapya kutoka Kongo walikuwa wakiingia kila wiki bila neno moja la Kiingereza, na mwalimu mwenye darasa la watoto wengi kupita kiasi hakuwa na njia ya kuwafikia. Shule za Uganda zenyewe zilikuwa zimefungwa tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, kwa hiyo hata watoto wa hapa walikuwa wamerudi wakubwa kuliko madarasa yao. Msaidizi husimama pembeni na kurudia kwa Kiswahili yale yanayosemwa mbele. Malipo yalikuwa ya kununua sabuni na chumvi. Lakini saa moja asubuhi kulikuwa na mahali pa kwenda. Suruali ilitolewa chini ya nguo nyingine, ikapigwa pasi.

Hapo ndipo kamba tuliyoitaja ilipovuta. Kiswahili kina historia nzito Uganda. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kwa amri kuwa lugha ya taifa, na kwa miaka mingi watu wengi wa kusini walikisikia kama lugha ya askari na ya vizuizi barabarani. Mzee mmoja jirani yetu hukunja uso hadi leo akikisikia, kwa sababu anakumbuka sauti zilizokuwa zikikisema. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa ili kiwe lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima ya miaka miwili ya kwanza, na mwezi ule ule wa Julai 2022 tuliovuka Ishasha, baraza la mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Uamuzi ulikuwapo, walimu hawakutosha. Mkuu wa shule ya sekondari ya kijiji cha jirani alikuja Misa ya saa tatu, ile ya Kiswahili, akamsikia katekista akifafanua masomo. Baada ya Misa aliuliza ni nani huyo anayesema "kitabu changu" wakati Wakongo wengine wote husema "kitabu yangu".

Ndugu msomaji, unajua anachokisema. Kiswahili chetu cha nyumbani ni kizuri kwa kupigana utani na kwa kununua sombe. Tunasema "batoto banalia" na kila mtu huwapelekea maziwa. Lakini kile cha vitabu vya sala na vya katekisimu, kile kilichotufanya tukae na kamusi usiku wa Ijumaa ili tusiwapotoshe watoto wa Komunyo, kilikuwa kimetuingia taratibu kwa miaka thelathini bila mtu kukihesabu. Hakikuandikwa katika diploma. Hakuna bulletini yenye alama zake. Kwetu Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini shuleni heshima ilikuwa ya Kifaransa, na mwalimu aliyesema Kiswahili vizuri alionekana kama mtu anayejua kupanda baiskeli vizuri. Sasa Kifaransa chetu chote kilikuwa kimelala katika bahasha, na jambo tulilolifanya bure, siku mbili kwa juma, lilikuwa limekuja kutafutwa na mtu aliyevaa tai.

Tulipewa vidato viwili vya chini. Darasani wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, na Wanyankole wenyeji wa hapa. Mtihani wa kwanza ulitushangaza: Wakongo walianguka. Walikuja wakitembea kwa majivuno kama watu wanaorudi kwao, wakaandika kama walivyosema nyumbani, ngeli zote zimepotea. Mtoto wa Kinyankole, ambaye lugha ya mama yake ina ngeli zake kamili, aliona mara moja kwa nini kitabu ni changu na vitabu ni vyangu. Kwake ni jambo la kawaida kwamba kila nomino ina ukoo wake. Tuliwachanganya wawili wawili: Mkongo anafundisha masikio, Mnyankole anafundisha upatanisho. Mwisho wa muhula walikuwa wakigombana juu ya "huyu" na "hiki" hadi nje ya geti. Yule mzee anayekunja uso ana mjukuu katika darasa hilo. Hajasema kwamba amebadili mawazo. Amesema tu kwamba mtoto sasa anamsalimu "shikamoo" asubuhi, naye hajui ajibu nini.

Tungetamani kumalizia hapo, lakini hesabu ya mandazi na chaki haijakamilika. Shule ile hutegemea malipo ya wazazi. Mwaka 2023 mgao wa chakula kwa wakimbizi ulipunguzwa, na kaya zikapangwa katika makundi kulingana na uhitaji. Wengi walipata kidogo kuliko zamani, wengine wakaondolewa. Mzazi aliyeuza sehemu ya mahindi yake ili kulipa shule hakuwa tena na sehemu ya kuuza. Katikati ya muhula karani alikuja na orodha, akasoma majina, na watoto kumi na wawili wakachukua mifuko yao wakatoka. Mshahara wetu umo ndani ya malipo yale waliyoshindwa kuyatoa. Kwa mara nyingine tulikuwa mahali tulipokuwa Kiwanja: mtoto upande mmoja, sahani yetu upande mwingine, na mzazi maskini katikati akivutwa na pande zote mbili.

Usiku ule tulizungumza hadi mafuta ya taa yakaisha. Tulikubaliana kwamba kikaango kitalisha nyumba, na kwamba kuanzia saa kumi jioni, nje ya kanisa dogo la New Congo, somo la siku litarudiwa kwa yeyote anayetaka. Hatukumwomba mtu ruhusa ya kutumia kivuli. Walikuja kumi na wawili, kisha ishirini, kisha wengine ambao hawakuwahi kuandikishwa shule yoyote. Juma la tatu akaja mzazi mmoja, fundi wa viatu, mtu anayelipa kila muhula bila kuchelewa. Alisema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kama somo lile lile lapatikana hapa bure, mimi ninalipa nini kule?"

Alikuwa na haki. Wazazi wakiacha kulipa, shule itafungwa, na sisi twajua sura ya shule inayofungwa hivyo. Tuliiona ikitokea mbele ya macho yetu. Tena asiyelipa naye ana haki, kwa kuwa njaa haikumwomba ruhusa. Tulimweleza fundi yule kwamba kule kuna mtihani, kuna cheti, kuna masomo mengine tisa na zaidi. Chini ya mti kuna lugha moja tu. Alisikiliza, akatikisa kichwa, hakusema kama ameridhika. Mkuu wa shule alituita pia. Baada ya mazungumzo marefu alikubali kwamba mzazi asiye na fedha aweze kulipa kwa kazi: kuchimba choo, kufyeka uwanja, kuleta kuni za jikoni. Watoto saba kati ya kumi na wawili wamerudi darasani kwa njia hiyo. Watano bado wako chini ya mti. Fundi wa viatu bado analipa, na anapopita saa kumi jioni hutusalimu bila kusimama.

Kwa ninyi mliopoteza kazi na kufikiri nchi nyingine, tunayo machache ya kuwaambia kwa vitendo. Bebeni karatasi zote za asili, pamoja na bulletini, hata kama zitalala katika bahasha. Watoto watazihitaji kabla yenu. Anzeni lugha ya kule mwendako mkiwa bado kwenu, wakati makosa yenu yanasikiwa na rafiki. Kubalianeni, mume na mke, kabla ya kuondoka, nani atashika nini ikiwa kazi ya mmoja itakataliwa, ili siku hiyo isiwakute mkianza mjadala. Na andikeni katika karatasi ya pili, kando ya diploma, yale yote mnayoyafanya bila kulipwa: kuongoza kwaya, kushona vazi la altare, kupatanisha walio na ugomvi katika shirika, kuhesabu fedha za AVEC. Hatuahidi kwamba karatasi hiyo itawalisha. Nasi haitulishi peke yake. Mandazi ndiyo yanayotulisha, na chaki huongeza chumvi. Lakini ndiyo karatasi pekee ambayo hakuna aliyetaka kuilinganisha, kuitafsiri wala kuigonga muhuri.

Kuhusu kurudi, watoto huuliza zaidi kuliko sisi. Mkubwa wetu atafanya mtihani wa taifa wa kidato cha nne hapa Uganda, kwa Kiingereza, na Kiswahili kama somo mojawapo. Diploma tumeipeleka hatimaye kutafsiriwa. Mwanamke mwenye sanduku la kufuli tatu ndiye aliyetukopesha ada, pamoja na wenzake ishirini na wanne, kwa riba ileile ya kila mtu. Tutalipa kwa miezi minane. Jibu la baraza la mitihani halijafika.

Kwa sasa ratiba yetu ni hii. Mandazi saa kumi alfajiri. Darasa kuanzia saa mbili, Jumatatu hadi Alhamisi. Chini ya mti saa kumi jioni, isipokuwa mvua ikinyesha. Jumamosi saa tisa, katekesi. Mmoja wenu akipita Nakivale, na aulize nyumba ya mwalimu wa Kiswahili. Watoto watamleta, na watamsahihisha ngeli njiani.